Mikato Kumi na Miwili

Fundi Xue Tingfu hutoza kwa mkato.
Ameketi juu ya ndoo, patasi mapajani,
ananiuliza jina la mama liandikwe vipi:
Shu ya joto, au Shu ya mawele?
Mdomoni ni moja. Sauti inashuka, kisha inapanda,
kama njia ya kutoka kisimani hadi kwetu.
Jiweni ni mbili.

Kitambulisho kinasema joto.
Karani wa mwaka ule alikuwa na jasho na haraka,
akasikia Shu, akaandika kilichokuwa mgongoni mwake.
Lakini Ai Shulan alizaliwa baridi ikianza kung'ata,
juu ya kitanda cha udongo chenye moto tumboni,
siku bibi alipokuwa akipura mawele yale yanayonata,
na kitovu kikakatwa kwa mundu uleule.

Mimi nilisomea maandishi mjini. Najua wasemavyo:
zamani sana, juu ya mfupa wa ng'ombe,
mtu alichora bua lenye masuke yaliyolegea,
yameinama huku na huku kama nywele zilizooshwa,
na kando yake matone ya maji.
Maji ya nini? Wataalamu hawajamaliza kubishana.
Wako wasemao ya pombe,
maana nafaka hii huchachuka upesi kuliko ugomvi.
Nilimwonyesha mama, asiyejua hata kusoma bei.
Alikitazama kitambo, mkono mmoja ndani ya unga.
"Ya kulowesha vidole," akasema.
"Bila maji huwezi kuachana nao."

Kuachana na mawele! Nani kwetu aliweza?
Yalinata menoni, kwenye mwiko, kwenye ndevu za babu.
Uji wake ulikuwa gundi:
mama alibandika matambara, tabaka juu ya tabaka,
akayaanika ukutani mwa nyumba yetu ya pango,
akayashona yakawa nyayo za viatu vyangu vya shule.
Miaka mingi baadaye, maktabani, nikakuta alama nyingine, Li,
yenye mawele tumboni mwake.
Leo ni umma, watu wasiohesabika.
Kamusi kongwe yasema: gundi ya viatu.
Nililia palepale. Mkutubi akadhani nimefiwa.
Aliwahi kwa miaka tisa.

Hata neno la harufu nzuri,
ule mvuke wa kufunua chungu alfajiri ya sikukuu,
hapo kale liliandikwa mawele juu ya utamu.
Na punje zake, zikipangwa mia kwa mstari,
zilikuwa kipimo cha wafalme.
Mama alipima kwa kiganja.
Hakupunja, na mwenye kumpunja alijuta.

"Joto ni mikato kumi na miwili," fundi anahesabu hewani kwa kidole,
"mawele pia kumi na miwili. Bei ni ileile.
Amua, mkono wangu unapoa."
Kaka yangu Ruisheng anataka kitambulisho kifuatwe.
Serikali, anasema. Karatasi, anasema.
Namwambia hakuna askari wa kukagua makaburi.
Kisha nakumbuka, na karibu nimhurumie yule karani:
kamusi ileile yasema nafaka hii hupandwa joto likiwa kali,
ndipo ikaitwa hivyo.
Basi hakukosea sana.
Aliandika majira ya kupanda. Sisi tuko kwenye mavuno.

"Mawele," nikasema.

Fundi akaiandika alama kwa wino kwenye karatasi laini:
mmea juu, mtu chini yake, na maji miguuni.
Akakoroga kitu bakulini, akapaka, akaibandika jiweni,
aifuate kwa patasi.
Nikauliza ni gundi gani.
Akanitazama kama mtu aliyeuliza jua ni nini.
"Ya mawele. Ile ya dukani hubanduka."

Upepo ulikuwa ukiinua kona moja.
Nikaishika mpaka ikauka.
Sikulowesha vidole.